Umekula vibaya Zanzibar? Angalia ulikula saa ngapi na ulimuuliza nani

Kila mara kuna ndugu au rafiki wa Dar anashuka na boti, anakaa wikiendi, akirudi ananitumia voisi, "Zanzibar nzuri ila chakula mmh mmh." Ukimuuliza alikula wapi jibu ni lile lile, ghorofani Stone Town kwenye upepo au mezani mchangani Nungwi, menyu kurasa nane, kaagiza pweza wa nazi kasubiri saa nzima na nusu, pweza kaja mgumu kama ndala kwenye sosi ya tamu tamu, bili imeandikwa kwa dola. Halafu anasema Waunguja hawajui kupika. Haya.

Mi ni mtu wa Morogoro nimeolewa Unguja, kwa hiyo naijua hii habari pande zote mbili, ya mgeni anayezunguka na njaa na ya mtu ambaye mawifi zake hawawezi kukaa meza moja bila kujadili nani leo kapika mchuzi wa maana. Naandika hapa kwa ajili ya sisi wa bara na majirani zetu wa Kenya mnaokuja, maana wazungu wana makala zao na ndo hizo hizo zinawapeleka nyote ghorofani.

Kwanza elewa kwa nini unakula vibaya, usidhani ni bahati mbaya. Mgahawa wa watalii hauna shida na wewe kurudi. Kesho kuna ndege nyingine, kuna boti nyingine, kuna watu wengine hawajawahi kuonja tui la nazi maishani mwao watasema ni tamu sana. Mama anayepika Mwembetanga anamlisha fundi cherehani yule yule, dereva yule yule, mwalimu yule yule kila siku ya Mungu, akiwapa mchuzi wa hovyo Jumatatu basi Jumanne wamehamia kwa jirani yake. Hesabu ni hiyo tu. Pili ni ile menyu yenyewe, jiko moja lina pasta, piza, baga, kari ya Kihindi, kamba koche, na pilau ya Kizanzibari, jamani, nani anapika vyote hivyo siku moja? Vipo kwenye friza vinasubiri uvitaje. Na kama aliyekupeleka pale ni papasi, hawa madalali wa watalii, aliyekudaka njiani na kukuambia "njoo kwa kaka yangu", kamisheni yake ipo ndani ya bei yako, jiko linabana kwenye samaki ili na yeye apate.

Sasa njia yenyewe. Kosa kubwa ni kuuliza "wapi kuna restoranti nzuri". Ukiuliza hivyo mtu anakuangalia, anaona mgeni, anakupeleka anakodhani wageni wanapenda, kwa nia njema kabisa. Huku chakula kizuri hakiendi na restoranti, kila mtu ana kitu chake. Huyu ni wa supu, yule ni wa urojo, ule mchuzi mzito wenye bajia na viazi ndani, kuna wa biriani tu, kuna bibi anauza mkate wa kumimina mlangoni kwake na vikiisha vimeisha. Kwa hiyo uliza chakula. "Samahani, mkate wa ufuta unaochomwa sasa hivi naupata wapi?" "Nataka urojo, we mwenyewe unanunua kwa nani?" Utaona watu wanavyochangamka, wataanza kubishana wao kwa wao, na hapo kwenye ubishi ndo unachukua majina mawili matatu. Ila salimia kwanza, asalam aleikum au shikamoo kwa mkubwa, sio unamvamia mtu na swali kama uko stendi ya Mbezi.

Wa kuuliza ni nani? Sio mapokezi ya hoteli, wale wana vipeperushi vyao. Mi napenda wauza samaki wa Darajani. Nenda soko la Darajani asubuhi, lile jengo la mwaka 1904, ingia upande wa samaki, vumilia harufu, mtafute mchuuzi ambaye hana wateja wakati huo umuulize, "Migahawa gani inanunua kwako kila asubuhi?" Huyu anajua siri zote, anajua nani anachagua jodari kwa kumfungua mashavu na nani anakuja jioni kuokota yaliyobaki kwa bei ya kutupa. Hakuna riviu yoyote ya mtandaoni itakupa habari hiyo. Wanaume nao wana baraza zao, pale Jaws Corner ndani ya Stone Town kwenye kahawa utawakuta wazee, ukinunua kikombe ukatulia kidogo, utaambiwa hadi nani alikuwa anapika biriani kabla ya huyu wa sasa. Wanawake wenzangu, mkiona hamko huru pale nendeni kwa wauza kanga, wanakula madukani kila siku na wanaagizia, wanajua.

Kuhusu simu, Google Maps sio mbaya ila tafuta kwa neno la chakula, andika "urojo" au "biriani" au "supu ya pweza", usiandike bora bora kwa Kizungu. Halafu soma maoni yaliyoandikwa kwa Kiswahili, hata kama ni matatu tu na moja linalalamika hakuna pa kuegesha. Na kwenye picha waangalie watu waliokaa nyuma ya hiyo sahani. Kama wote wana begi mgongoni na kofia ya jua, endelea na safari.

Ila hata ukipata mahali penyewe, ukienda saa isiyo yake umekwama, na hapa ndo watu wa bara wanafeli sana. Chakula cha Unguja kina saa. Asubuhi ni supu, chapati, maandazi, maharage ya nazi, mihogo, kufikia saa nne imeisha habari hiyo. Mchana ni wali na samaki, pilau, ndizi za nazi, mchuzi wa papa, na dirisha lake ni kuanzia kama saa sita na nusu hadi saa nane, baada ya hapo unakuta sufuria zinasuguliwa, na ukiona mahali wana wali wa moto saa kumi ujue umepashwa. Alasiri ni ya urojo, bajia, kachori, katlesi, sambusa. Magharibi ikiingia ndo mishikaki, kuku, mikate, supu ya pweza barabarani. Sasa we umeamka saa tatu, umeogelea, umerudi una njaa saa tisa, sehemu pekee yenye jiko wazi ni ya watalii, unaingia, unalaumu kisiwa. Ijumaa nayo ina utaratibu wake, mida ya sala ya mchana vibanda vingi vinafunga kwa muda, usije saa saba ukaanza kugonga milango, subiri watu watoke msikitini.

Kwa miguu elekea hivi. Ukiwa Stone Town ipe mgongo bahari. Ndiyo, bahari ipe mgongo, tembea mpaka utoke Darajani, vuka barabara kubwa uingie Ng'ambo, yaani mji wa upande wa pili, Mlandege, Mwembetanga, Kariakoo yetu ya huku, Michenzani kwenye yale maghorofa marefu ya enzi za Karume. Ni dakika kumi na kitu tu kutoka kwenye hoteli za maua lakini bei inashuka na viungo vinapanda. Ndani ya Stone Town kwenyewe pia pazuri papo, hasa upande wa Mkunazini na Malindi ambako watu bado wanaishi na kufanya kazi. Dalili ninayoiamini ni watu wanaokuja na hotpoti zao kubeba chakula cha nyumbani. Mtu wa Unguja anajua kupika, akikubali kununua wali wa mtu mwingine awapelekee watoto, hapo usiulize maswali, panga foleni.

Ukifika usiombe menyu. Uliza "leo kuna nini?" na kama sufuria zinaonekana omba uchungulie, hakuna anayekasirika. Vitu vinne vitano ni ishara nzuri, vitu ishirini ni friza. Kwenye chochote cha nazi uliza kwa upole, "tui la kukuna hili?" Tui la kukuna linaacha mafuta mepesi juu ya mchuzi na utamu wake hauchoshi, la pakti linakuwa zito sawasawa kuanzia juu mpaka chini na kila mchuzi unakuwa na ladha moja. Bei uliza kabla hujakaa, hata kama mnaongea Kiswahili kimoja, maana lafudhi ya bara inasikika kilomita mbili na wapo wachache wanaojaribu. Wengi wala hawajaribu.

Pweza nimemtaja mara nyingi na yeye anastahili aya yake. Pweza wa huku wengi wanavuliwa kwa miguu kwenye miamba wakati wa maji ya bamvua, yale maji yanayokupwa sana mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, ndo utaona akina mama na wanaume na vijiti vyao wamejaa huko mbali. Siku hizo pweza ni mwingi na mbichi. Katikati, wakati wa maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, kuna wanaozamia kuwatafuta lakini mwingi unaoletewa mezani umetoka kwenye barafu. Kwa hiyo kabla hujaagiza angalia mwezi juu, sitanii. Na aliyepikwa vizuri anapigwa kwanza, anachemshwa taratibu mpaka alainike ndo anaingia kwenye tui mwishoni. Anayekuambia "dakika ishirini tu" kutoka mbichi anakudanganya, au anae wa jana.

Forodhani. Najua mtaenda, na mwende, bustani ilikarabatiwa vizuri ikafunguliwa upya mwaka 2009, usiku inapendeza, watoto wanajirusha baharini. Kule mi ningekunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, ningekula Zanzibar pizza, ile kama chapati nyembamba iliyokunjwa na nyama na yai ndani, maana inatengenezwa mbele ya macho yako unga mbichi na yai linapasuliwa unaliona. Zile meza za mishikaki ya samaki na kamba zimepangwa rangi rangi chini ya taa, hapo tuliza akili, maana vingi vimeshaiva tayari vinarudishwa tu motoni, na bei haijaandikwa popote. Ukikitaka chagua chako kimoja kimoja, taja jumla kabla hakijagusa moto, usikubali sahani ya "nitakuchanganyia".

Urojo je? Kunywa ule unaokaangiwa bajia palepale, mchuzi una ukali wa embe mbichi au ndimu, manjano inaonekana, juu kuna viazi, kachori, chatini ya nazi, chipsi za muhogo zinalia zikitafunwa, mishkaki ukitaka. Bajia zikiwa zimelala toka mchana zinanyonya mchuzi zote unabaki na uji. Wageni wengi wanaulaumu urojo kumbe walikula saa nne za usiku kwenye hoteli umewekwa kwenye glasi na mwavuli wa karatasi. Mwavuli!

Ufukweni, yaani Nungwi, Kendwa, Paje, Jambiani, mambo ni tofauti kwa sababu mahoteli yamekaa mbele na kijiji kiko nyuma yao. Vuka barabara, ingia kijijini, uliza mama anayepikia mafundi na wafanyakazi wa hoteli. Hao wafanyakazi wanakula wapi mchana, si kwa meneja. Kama unakaa siku mbili tatu agiza, hii ndo njia ninayowapa wote. Asubuhi mapema nenda diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, ngalawa zinaingia, kuna mnada mdogo hapo hapo mchangani, nunua changu au tasi wako mwenyewe, macho yake yawe yanang'aa na shavu ndani jekundu, mpelekee mama na hela ya nazi, mchele na kazi yake, mkubaliane saa ya kula. Mwambie unataka wa kupaka, yaani wa kuchoma na tui, au chukuchuku, mchuzi mwepesi usio na nazi, na usimuelekeze zaidi ya hapo. Mwenye aibu ya kupiga mnada amlipe kijana yeyote wa palepale kitu kidogo amnunulie, bado itakuja chini kuliko ile sahani moja ya mchangani. Na vaa khanga au suruali unapoingia kijijini, usiende na bikini kuagiza wali kwa mama wa watu, kisha unashangaa mbona amenuna.

Ghorofa za Stone Town sijasema msipande. Pandeni jua likizama, agizeni juisi au chai ya viungo, pigeni picha, lipeni huo upepo, mshuke mkale chini. Kabla ya kuagiza ulizeni kama bei ya kwenye menyu imeshajumuisha kodi na sevisi chaji, maana zinakuja kujitokeza kwenye bili tu.

Mkija Ramadhani mpango wote unageuka. Mchana migahawa ya wenyeji imefungwa na kula barabarani ni kukosa adabu, kuleni ndani hotelini kimya kimya. Lakini kuanzia alasiri mitaa ya Ng'ambo na pembeni ya Darajani inajaa meza, kaimati, visheti, mikate ya kumimina, tambi, mihogo ya nazi, sambusa, tende, na watu wanakimbizana na adhana. Nunueni mapema, beba chenji ya noti ndogo ndogo maana saa hiyo hakuna mtu ana muda wa kukuvunjia elfu kumi, na mkialikwa futari nyumbani kwa mtu msikatae, beba tende au matunda uende.