Jinsi ya Kuiharakisha Git Katika Hifadhi Kubwa za Msimbo

Hifadhi ya msimbo inapokua, Git, yaani programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili, huelemewa kwa njia tatu: faili za kwenye folda ya kazi huwa nyingi mno, historia huwa ndefu, au faili nzito kama video na picha huingizwa humo ilhali Git iliundwa hasa kwa ajili ya maandishi. Dawa ya tatizo moja haitibu jingine, na kwa sababu hiyo inafaa kupima kwanza kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Amri `git count-objects -vH` huonyesha idadi ya objekti (vipande vya data vinavyohifadhiwa na Git) zisizopakiwa, idadi ya pakiti (faili zinazokusanya objekti nyingi pamoja) na ukubwa wake. Baada ya hapo, endesha ile amri inayokuchelewesha ukiitanguliza na kigeu cha upimaji, kwa mfano `GIT_TRACE2_PERF=1 git status`, nayo kila hatua itaandikwa kwenye skrini pamoja na muda iliochukua.

Ikiwa `git status`, amri inayoonyesha faili zilizobadilika, ndiyo inayojikokota, mara nyingi chanzo ni wingi wa faili. Ili kukujibu, Git hulinganisha kila faili iliyomo kwenye faharasa yake (orodha ya faili inazozifuatilia) na hali ya faili hiyo kwenye diski, kisha hupekua folda zote ikitafuta faili mpya ambazo bado haizifuatilii. Amri `git config feature.manyFiles true` huifanya faharasa itumie toleo la 4, ambalo hubana majina ya njia, na pia huiwezesha Git kukumbuka folda ambazo hazijabadilika. Kwenye Windows na macOS, kuanzia toleo la Git 2.37 la mwaka 2022, ongeza `git config core.fsmonitor true`. Hapo programu inayofanya kazi chinichini huarifiwa na mfumo endeshi kila faili inapobadilika, na Git hukagua zile zilizotajwa tu badala ya kuzizungukia zote. Usiuhukumu mpangilio huu kwa jaribio la kwanza, kwa kuwa jaribio hilo bado hupekua kila kitu. Pima lile la pili au la tatu.

Hata hivyo, njia iliyo bora zaidi ya kupunguza kazi hiyo ni kutokuwa na faili usizozihitaji. Ukiandika `git sparse-checkout set seva/malipo nyaraka`, folda hizo mbili ndizo zitakazobaki kwenye diski, pamoja na faili zilizo kwenye mzizi wa hifadhi na zile zilizo moja kwa moja ndani ya `seva`. Hakuna kinachopotea, kwani `git sparse-checkout disable` hurejesha vyote.

Kwa historia ndefu, wengi hukimbilia `git clone --depth=1`, inayoleta komiti (hali ya faili iliyohifadhiwa kwenye historia) ya mwisho tu. Amri hiyo inafaa kwa mashine inayojenga programu na kuifuta nakala baada ya hapo, lakini mtu anayefanya kazi humo kila siku atakosa historia anayohitaji kuifuatilia. Kwake yeye ninapendekeza `git clone --filter=blob:none`, ambayo huleta komiti zote na miti yake (orodha za folda na faili), huku yaliyomo ndani ya faili yakipakuliwa pale tu yanapohitajika. Gharama yake ni kwamba `git blame`, inayoonyesha nani aliandika kila mstari, huweza kuhitaji mtandao, na seva nayo sharti iwe inakubali uchujaji huo.

Baada ya kunakili, endesha `git maintenance start`. Kila saa Git italeta objekti mpya kutoka kwenye seva na kusasisha grafu ya komiti (faili inayoharakisha upekuzi wa historia), na kila siku itapakia objekti zilizotawanyika, bila kukukatiza kazi. Ikiwa `git log` ya folda moja ndiyo inayosumbua, amri ya `git commit-graph write --reachable --changed-paths` husaidia sana.

Faili nzito ndilo tatizo gumu kuliko yote, maana kuifuta faili leo hakuiondoi katika historia. Zitafute hivi:

`git rev-list --objects --all | git cat-file --batch-check='%(objecttype) %(objectname) %(objectsize) %(rest)' | sort -n -k3 | tail`

Mistari ya mwisho ndiyo yenye objekti kubwa zaidi. Kwa faili zijazo, tumia Git LFS, kiendelezi cha Git cha faili kubwa: `git lfs track "*.psd"` huweka kielekezi kidogo ndani ya hifadhi na kuihifadhi faili yenyewe kando. Kuzihamisha za zamani kwa `git lfs migrate import` huandika upya historia na kubadilisha vitambulisho vya komiti, kwa hiyo kubalianeni siku moja ambayo kila mshiriki atakuwa ameshatuma kazi yake na yuko tayari kunakili hifadhi upya.

Asiyetaka kuweka mipangilio hii mmoja mmoja anaweza kutumia Scalar, zana ya kusimamia hifadhi kubwa, ambayo imo ndani ya Git tangu toleo la 2.38 na ilitokana na kazi ya Microsoft, ambako hifadhi ya Windows ilikuwa na faili zipatazo milioni 3.5 na ukubwa wa GB 300 hivi. Ukiwa ndani ya hifadhi uliyo nayo tayari, `scalar register` huwasha mingi ya mipangilio hiyo kwa mkupuo. Nayo `scalar clone` huanza upya kwa uchujaji na folda chache tangu mwanzo.