Kazi ya kwanza Marekani: anza na ramani ya basi

Kila mwaka mwezi wa Mei simu yangu huanza kulia usiku wa manane. Ni msimu wa majibu ya bahati nasibu ya grini kadi, na ndugu, majirani, hata wanafunzi wangu wa zamani wa Korogwe, wakiona jina limetoka, hukumbuka kwamba Mwalimu yupo Ohio. Swali la kwanza huwa nauli. La pili baridi. La tatu huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: "Kazi nitapata?" Utapata. Ila utaipataje, na itakukalia vipi, hiyo ni habari nyingine, na nimechoka kuieleza kwa vipande vya sauti vya WhatsApp.

Niliingia Columbus, mji mkuu wa Ohio, Januari 2019 nikiwa na shahada ya ualimu wa Biolojia, miaka 9 ya kushika chaki, na koti la mtumba kutoka Tanga nililodhani ni la baridi. Nyumbani tunawaita Watanzania wa ng'ambo "wabeba boksi", na tunacheka. Basi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba boksi. Boksi lenyewe hasa, la kadibodi, lenye gundi na lebo.

Mambo ya kumaliza kabla ya kuondoka

Kwenye fomu ya DS-260, ile ya mtandaoni ya kuombea visa ya uhamiaji, utaulizwa kama unataka kupewa namba ya soshali sekuriti, yaani ya hifadhi ya jamii. Jibu ndiyo, na kubali taarifa zako zipelekwe huko. Ukifanya hivyo, kadi ya soshali huja yenyewe kwa posta, kwa kawaida ndani ya wiki tatu tangu uingie. Isipokuja, nenda ofisi yao na pasipoti. Lipa pia ile ada ya uhamiaji ya mtandaoni, maana bila hiyo grini kadi haichapishwi.

Anwani unayoandika iwe ya mtu utakayekaa kwake kweli. Na ukifika, siku hiyohiyo, mwambie mwenyeji wako aandike jina lako kwenye sanduku la barua. Mimi nilifikia kwa rafiki kwenye jengo la ghorofa lenye visanduku kama arobaini ukutani, na ndani ya kile chetu kulikuwa na jina lake peke yake. Grini kadi yangu ikarudi ilikotoka. Nilikaa wiki sita nikifungua kile kisanduku asubuhi na jioni kama mtu aliyepoteza pete, kisha rafiki mmoja wa Kisomali, mzaliwa wa Eastleigh, Nairobi, mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu, akanishika mkono hadi kwenye kisanduku na kuniuliza: "Jina lako liko wapi hapa?" Kipande cha karatasi na selotepu. Ndicho kilichonigharimu mwezi na nusu.

Halafu nikagundua kwamba hata huo mwezi na nusu sikupaswa kuukaa bure. Visa ya uhamiaji iliyomo kwenye pasipoti, ikishagongwa mhuri uwanja wa ndege, ni ushahidi wa ukaazi wa kudumu kwa mwaka mmoja. Imeandikwa hapohapo chini ya visa kwa herufi ndogo. Mwajiri yeyote anatakiwa kujaza nawe fomu iitwayo I-9: sehemu yako unaijaza kabla siku ya kwanza ya kazi haijaisha, naye anakagua nyaraka zako ndani ya siku tatu za kazi. Nyaraka gani utaonyesha kati ya zilizoorodheshwa, unachagua wewe, si yeye. Pasipoti yenye mhuri ule inatosha peke yake. Nilikutana na karani aliyeng'ang'ania aone grini kadi. Sikujua, nikaondoka. Leo ningemwomba kwa upole afungue orodha iliyoambatana na fomu, tuisome pamoja.

Ramani

Hapa ndipo nataka unisikilize. Watu huniuliza kazi gani inalipa vizuri. Usianze na mshahara. Anza na basi.

Miji mingi ya Marekani imejengwa kwa ajili ya mwenye gari, na wewe miezi ya kwanza huna gari. Maghala yanayoajiri wageni haraka yako pembezoni. Kwetu ni kusini, karibu na uwanja wa ndege za mizigo wa Rickenbacker. Mimi niliona dola 12.50 kwa saa, nikazidisha kwa 40, nikazidisha tena kwa shilingi, nikasaini. Shifti ilianza saa 11 jioni na kuisha saa 7 na nusu usiku. Kwenda, basi lilikuwepo. Kurudi, halikuwepo. Wakala wa ajira alikuwa na gari dogo la kubeba wafanyakazi, dola 8 kwa siku, zinakatwa kwenye mshahara. Ilikuwa imeandikwa ukurasa wa nne wa mkataba, na ukurasa wa nne niliusaini bila kuusoma.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua ramani ya mabasi ya mji wako, ya Columbus inatolewa na COTA, shirika la mabasi la huku, uweke kidole pale unapolala. Andika mistari inayopita umbali wa kutembea dakika 15, maana Januari dakika 15 ni nyingi. Andika basi la kwanza, basi la mwisho, na ratiba ya Jumapili, ambayo siku zote ni chache kuliko unavyofikiri. Kisha tafuta kazi kwenye mistari hiyo tu: hoteli, nyumba za wazee, majiko ya hospitali, maduka makubwa. Kazi ya dola moja pungufu iliyo mwisho wa mstari wa basi lako inakuachia pesa nyingi kuliko ile ya ghala. Nilipiga hesabu hiyo baadaye, kwa uchungu.

Na mgeni wa Afrika Mashariki ana mtego wake mwingine: saa. Ukiambiwa shifti ya "six", hiyo ni saa 12, si saa 6. Unacheka, lakini ukiwa umechoka na unatafsiri kichwani, utafika mchana kweupe wakati wenzako wanakaribia kwenda nyumbani. Badili saa ya simu isome tarakimu 24 mpaka akili izoee.

Wasifu na usaili

Wasifu wangu ulikuwa kurasa nne. Picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, cheti cha darasa la saba, wadhamini watatu akiwemo mkuu wa shule mstaafu. Kwenye kituo cha ajira cha serikali, ambacho hapa kinaitwa OhioMeansJobs na hakitozi hata senti, mama mmoja aliusoma kwa heshima kubwa, akachukua kalamu nyekundu kama mimi nilivyokuwa nikiichukua, akakata. Ukabaki ukurasa mmoja. Picha hapana, umri hapana, dini hapana. Kila jimbo lina vituo vya namna hiyo. Tafuta kwa jina la American Job Center.

Alichonifundisha yule mama ni kuandika nilichofanya, si nilichokuwa. Si "mwalimu wa Biolojia", bali: nilisimamia maabara, nilitunza kumbukumbu za wanafunzi, nilifanya kazi ya kusimama siku nzima, sikukosa kazini. Shahada aliiacha, mstari mmoja. Wako wanaoificha wakiogopa kuonekana wamesoma mno. Mimi sioni haja, mradi usiitangulize.

Kwenye usaili wangu wa kwanza niliombwa nijieleze. Nikaanza: nimezaliwa Muheza, mtoto wa nne kati ya saba, marehemu baba alikuwa... Yule dada alinitazama kwa subira, kisha akauliza kama naweza kunyanyua ratili 50. Nikahesabu, karibu kilo 23, yaani nusu mfuko wa saruji. Nikasema naweza. Akauliza napatikana saa ngapi. Usaili ukaisha. Kwa kazi ya kwanza wanataka kujua mambo matatu: utafika, utaweza, utaendelea kufika. Jibu hayo kwa sentensi fupi, ukimtazama usoni. Kwetu kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu. Huku kutazama chini kunasomeka kama unaficha kitu.

Huenda pia ukaombwa kupimwa mkojo kwa dawa za kulevya. Ndugu zangu wa pwani, mirungi huku si kijiwe cha jioni, ni kosa la jinai.

Usidharau njia ya mdomo. Kazi zangu zote isipokuwa ile ya kwanza nilizipata kwa kuuliza watu: msikitini, kwa kinyozi, kwenye maduka ya Wasomali ya Cleveland Avenue ambako nusu ya wauzaji wamepitia Nairobi au Mombasa. Muulize mtu waziwazi, "Kwenu wanaajiri?" Kampuni nyingi humpa bonasi mfanyakazi aliyeleta mtu, kwa hiyo usijione unaomba msaada. Pengine unampa yeye pesa.

Hundi ya kwanza

Hailipwi wiki unayoanza. Jipange uishi wiki mbili, hata tatu, bila kitu.

Wiki yangu ya kwanza kamili ilikuwa saa 40, dola 500. Nilishikilia kijiko usiku ule kwa mkono wa kushoto kwa sababu vidole vya kulia havikunjiki. Vilikuwa vimezoea chaki, si skana na ukingo wa boksi. Hundi ikasoma dola 371. Nilidhani nimeibiwa. Nikaketi na karatasi ya makato: soshali sekuriti asilimia 6.2, dola 31. Medicare, bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45, dola 7.25. Kodi ya shirikisho, kodi ya jimbo, halafu kodi ya jiji, Columbus ni asilimia 2.5, dola 12.50. Na dola 40 za gari. Kila kitu kilikuwa sawa. Isome hiyo karatasi kila mara, hesabu saa zako mwenyewe kwenye daftari, na ujue kwamba kwa kazi nyingi za saa, ukivuka 40 kwa wiki, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu.

Mtu akikuambia utalipwa kama "mkandarasi", atakupa fomu 1099 badala ya W-2 ya mwajiriwa, simama kwanza. Maana yake hakati kodi, na mwisho wa mwaka utailipa wewe, pamoja na sehemu ya soshali ambayo mwajiri angekulipia. Wapo wageni waliokula hela yote ya 1099 wakidhani wamebahatika, Aprili, mwezi wa kufunga hesabu za kodi, ikawakuta.

Na mtu yeyote anayekudai pesa ili akupe kazi, muage.

Kutoka kwenye boksi

Mimi nilitoka kupitia nyumba za wazee, kama wengi wetu. Sheria ya shirikisho tangu 1987 inataka mhudumu wa wagonjwa kwenye nyumba hizo asome saa zisizopungua 75, kisha afanye mtihani wa jimbo, wa maswali na wa vitendo. Nililipa chuo binafsi dola 550. Baadaye ndipo nikajua kwamba nyumba inayopokea pesa za Medicare au Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, hairuhusiwi kukutoza ada ya mafunzo kama siku unayoanza tayari wamekuajiri au wameahidi kukuajiri. Na ukijilipia, kisha ukaajiriwa ndani ya miezi 12, jimbo lina wajibu wa kukurudishia kadiri unavyofanya kazi. Tunza risiti. Yangu niliitupa.

Kazi yenyewe si ya kila mtu, na sitaipamba. Unaosha, unageuza, unalisha. Kilichonisumbua zaidi hakikuwa hicho. Mzee wa miaka 84 aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza, na ulimi ukagoma. Nikawa kila asubuhi namwamkia shikamoo kimoyomoyo, ndipo natamka hilo jina.

Kuhusu vyeti vya ualimu, sitasema mengi. Omba nakala rasmi za matokeo ya chuo kabla hujaondoka, zikiwa kwenye bahasha iliyofungwa, na usilipe mtu kuzitathmini mpaka ujue ofisi unayoiomba leseni inamkubali mtathmini gani. Mimi sasa siku tatu kwa wiki nafundisha nafasi za walimu wasiokuwepo, na wikiendi mbili kwa mwezi bado niko kwa wazee.

Mei hii aliyepiga ni binti wa dada yangu. "Mjomba, nije na suti ya usaili?" Nikamwambia aje na suruali mbili nyeusi na viatu visivyoteleza, suti aiache. Kisha nikamwuliza anakwenda kukaa mtaa gani, nikafungua ramani huku yeye akisubiri kwenye laini akidhani mtandao umekatika. Basi la kwanza kwenye kona yao linapita saa 10:52 alfajiri. Nikamwambia atafute kazi inayoanza saa 12.