Franka ya mutoto haitoke, hata hukumu iko: namna ya kufikisha ile shida mu bunge

Bamama, bayaya, na bapapa benye kulea batoto peke yabo, jambo yenu. Swali yenye inarudia kila siku huku Lubumbashi ni hii: tribinali ilisha kukata, ilisema baba ya mutoto anatosha franka kila mwezi, myezi inapita na hakuna kintu yenye inaingia, sasa niende kuona honorabule (mubunge, depite)? Enda. Lakini kuko namna ya kwenda. Ukienda na shida ya bwana yako peke yake, honorabule atakusikiliza, atakupa pole, labda na transpo ya kurudilia ku nyumba, na itaishia pale. Ukienda na shida ya serivisi yenye inashindwa kufanya kazi yake, pale eko na nguvu, juu sheria njo inamupatia ile nguvu.

Kwanza tutoshe kintu yenye batu bengi banachanganya. Mubunge haiko juje. Katiba yetu ya tarehe 18 februari 2006, ku artikle 151, inasema wazi kama bunge haiwezi kukata mambo ya tribinali, haiwezi kubadilisha hukumu, haiwezi kuzuiza hukumu itekelezwe. Kwa hiyo usimulombe honorabule aite ule juje, ao aongezeshe ile franka. Hata akikuahidia, anakudanganya, na baba ya mutoto akiwa na avoka wa akili, ile kuingilia itamusaidia yeye. Lakini katiba ile ile, ku artikle 100, inasema bunge njo inachunga serikali, kampuni za serikali na serivisi zake. Na ku artikle 138 inataja njia za kuchunga: swali ya kuandika ao ya mudomo, swali ya mambo ya sasa, enterpelasio (waziri anaitwa kujieleza), komisio ya ankete, na komisio kuita batu na kubasikiliza. Hukumu ni ya juje, sawa. Lakini grefe (ofisi ya makaratasi ya tribinali) inakawisha kopi myezi na myezi, huisie (mutu wa tribinali mwenye kupeleka hukumu) anakosa namna ya kufika kwenye baba anatumika, asista sosiale hana hata meza ya kuandikia, ile yote ni mambo ya serikali na waziri anapashwa kujibu.

Mbele ya kufika kule, makaratasi yako ikuwe sawa. Mutoto akuwe na akte ya kuzaliwa. Kama mulizaa bila ndoa, baba anapashwa kumutambua mutoto ku eta-sivili, na akikatala unapeleka ile maneno tribinali. Kode ya familia ya tarehe 1 ogusti 1987, yenye balibadilisha tarehe 15 juli 2016, haimuache mutoto wa inje: mutoto yote wa Kongo anapashwa kuwa na baba, na hakuna mwenye ruhusa ya kujifanya hamujue mutoto wake. Usikubali mutu akuambie ati juu hamukufunga ndoa hauna cha kulomba.

Halafu hukumu yenyewe. Kuko bamama benye kutembeza hukumu mu sakosi myaka na myaka, inaanza kupasuka kwenye balikunja, na kumbe ile ni kopi ya kusoma tu. Yenye huisie anatumikisha ni ile yenye grefe iliweka muhuri na ile maneno ya kuamuru hukumu itekelezwe. Uliza grefye wazi: hii njo yenye huisie anaweza kutumikisha? Akisema hapana, uliza inakosa nini, na siku ile ile uandike tarehe na jibu yenye alikupa. Kisha huisie anapelekea baba hukumu mu mukono, anaandika siku yenye alimupa. Bila ile baba atasema hakujua. Na kama baba eko na mushahara wa kila mwezi, tuseme ku mine ao ku kampuni ya serikali, uliza avoka alombe tribinali iamuru mwajiri akate ile franka ku mushahara mbele haijafika ku mukono yake. Hapa njo bamama bengi banakosa, banangojea baba mwenyewe atoshe, na ule haiko na mupango wa kutosha.

Sasa dosie moja haitoshe kushitua bunge. Yenye inashitua ni dosie mingi zenye kukwama pahali pamoja. Mukusanyike bamama benye shida moja, ku kanisa, ku likelemba, ku soko ya Kenya (komini ya huku Lubumbashi), popote munaonanaka, mununue kaye moja na mugawanye kila ukurasa na rula. Muandike tarehe ya hukumu, tribinali gani, numero ya dosie, franka ngapi kwa mwezi, siku yenye kopi ya huisie ilitoka, siku yenye huisie alienda, jibu yenye alirudisha, na myezi yenye haikulipwa. Majina ya batoto hapana, majina ya bapapa hapana, mutumie numero ya dosie tu. Tuseme musitari moja inasoma hivi: «Katuba, hukumu ya marsi, kopi ilitoka ogusti, huisie alilomba transpo, mama alikosa, haijapelekwa.» Ingine: «Ruashi, hukumu ilipelekwa, baba alihamia Kolwezi, huisie wa huku anasema ile ni ya kule.» Ukisha kujaza ukurasa mbili tatu, soma safu moja moja toka juu mpaka chini, usisome habari ya kila mama. Utaona yenyewe kwenye inakwama. Kama safu ya jibu ya huisie njo imejaa maneno ya transpo, shida yenu ni ile, na swali yenu itakuwa juu ya ile, hapana juu ya uchungu yote yenye muko nayo. Najua ni nguvu, juu kila mama anataka yake isikike, lakini swali yenye kubeba kila kintu waziri anajibu kwa maneno ya mingi bila kugusa kintu.

Depite gani? Hapa inategemea ile safu. Grefe na bahuisie biko chini ya Kinshasa, kwa waziri wa sheria, kwa hiyo unatafuta depite wa taifa mwenye alichaguliwa huku Lubumbashi. Kule Palais du Peuple, nyumba ya bunge kule Kinshasa, badepite biko 500, na basenatere 109, nabo pia banaweza kuuliza serikali. Kama baba eko Kolwezi, ukumbuke toka 2015 Lualaba ni jimbo ingine, bunge ya Haut-Katanga haina mukono kule, depite wa taifa njo mutu wako. Lakini kama shida ni serivisi zenye ziko chini ya serikali ya jimbo, mambo ya familia, ya batoto, ya basosiale ya mu komini, enda ku bunge ya jimbo huku huku Lubumbashi. Artikle 197 ya katiba inaipa kazi ya kuchunga serikali ya jimbo na serivisi za jimbo, na sheria ya tarehe 31 juli 2008 juu ya namna majimbo inajiongoza inaendelea pale pale. Watu banadharau bunge ya jimbo, mi sikubali, juu kule waziri na mubunge banakaa muji moja na weye na hautafute tiketi ya ndege.

Juu ya namna ya swali, mi napenda ya kuandika kupita zote. Enterpelasio inaleta televisheni na makelele, halafu siasa inaingia, batu banaanza kuhesabu nani atasinya mosio. Mosio ya kumuangusha waziri moja inaomba kwanza sahihi ya mubunge moja ku kumi, maana yake 50 kule Kinshasa, na siku ile batoto banasahauliwa. Nyinyi hamuhitaji waziri aanguke, munahitaji huisie afike ku mulango wa ule baba. Swali ya kuandika inaleta jibu ya kuandika, yenye mutashika mu mukono na kurudilia nayo mwaka ujao. Kama jibu haikuje ao ni ya kukwepa, pale sasa honorabule anaweza kupanda: swali ya mudomo, kisha enterpelasio.

Na musaidie honorabule kuandika. Ule eko na mambo mingi, ukimuachia mukono mitupu ataandika kintu ya juu juu. Swali mubaya ni hii: «Waziri anafanya nini juu ya bapapa benye kuacha batoto?» Waziri atajibu serikali inajali sana batoto, na basi. Swali muzuri inaomba hesabu na siku:

«Mu mwaka wenye kupita, tribinali ya amani na tribinali ya batoto ya Lubumbashi zilikata hukumu ngapi za kulisha mutoto? Ngapi zilipelekwa na huisie kwa mwenye kulipa? Ngapi zililipwa kweli? Tangu siku ya hukumu mpaka kopi ya kutekeleza itoke, inakamata siku ngapi? Nani anapashwa kulipa transpo ya huisie kama mama hana, na mu bajeti ya mwaka huu iliwekwa franka ngapi?»

Ukiona, kila swali pale iko na jibu ya namba ao ya jina ya serivisi. Waziri akisema hesabu haiko, ile pia ni jibu, na nzito: maana yake kwa miaka yote hakuna mwenye alikuwa anahesabu. Hizi tribinali za batoto zilianzishwa na sheria ya tarehe 10 januari 2009, hesabu ingepashwa kuwa ilisha kuzoea kutoka.

Musifikiri ni huku tu banauliza hivi. Uingereza biko na serivisi nzima ya kazi hii, ilianza 1993 na jina ingine, toka 2012 inaitwa Child Maintenance Service. Kama baba ao mama mwenye kupashwa kulipa anakatala, ile serivisi inaweza kukata moja kwa moja ku mushahara wake, na pale serivisi inapokusanya franka yenyewe inaongezea mulipaji 20% na inakata mupokeaji 4%. Hata na nguvu ile yote, bakaguzi ya hesabu ya serikali baliitolea ripoti mu 2022, na komisio za bunge yabo zinaita bakubwa ya serivisi zinabauliza: franka ngapi haijalipwa, kwa nini munakawa, mutu alilalamika siku gani na mulimujibu siku gani. Ripoti ya komisio ikitoka, kwa kawaida serikali inajibu ndani ya myezi mbili. Sisi hatuna serivisi sawa ile, tuko na huisie na avoka, lakini yale maswali unaweza kukopa bila kulipa mutu.

Siku nazo ziangalie. Bunge ya taifa inakaa mara mbili: 15 marsi mpaka 15 juni, na 15 septemba mpaka 15 desemba. Ya jimbo nayo iko na sesio ya marsi na ya septemba. Katikati, badepite banarudia ku muji kuona batu yabo, njo wakati wa kubapata, hapana pale sesio imesha kuwaka. Kama munataka kintu yenye inaomba franka, transpo ya bahuisie kwa mufano, mufike mbele ya septemba juu ile sesio njo ya bajeti.

Barua muiandike Kifaransa kama munaweza, ofisi zinafanya kazi mu Kifaransa, lakini muisome kwa Kiswahili mbele ya bamama bote mbele ya kusinya, mama asisinye kintu yenye haelewe. Mupeleke kopi mbili. Moja inabaki kwa sekretere, ya pili aibandike muhuri, tarehe na sahihi yake, na usitoke pale mbele ya ile. Akikuambia urudi kesho kwa muhuri, kaa ku kiti ungojee. Barua bila muhuri ni sawa hukuileta. Na kama hakuna depite mwenye anataka kusikia, artikle 27 ya katiba inakupa haki ya petisio, peke yako ao mu kundi, na mukubwa wa serikali mwenye mulimuandikia anapashwa kujibu mu myezi tatu. Artikle ile ile inasema hakuna mutu anaweza kushitakiwa juu aliandika petisio. Muibebe mu simu, muonyeshe kila mwenye anatisha bamama.

Kintu kimoja tena, na hapa nasema kwa nguvu: mutu wa siasa akitaka picha na batoto, mukatale. Mutoto wa baba mwenye kukatala kulipa anajua tayari bya kutosha, asikute uso wake ku Facebook na maneno ya kampanye juu yake. Na musilipe mutu ati aingize barua yenu mbele.

Jibu ikifika, mukae tena na ile kaye. Soma swali moja, soma jibu yake, weka alama kwenye namba haiko. Kama waziri alisema franka ya transpo iko mu bajeti, mama moja aende siku ile ile kwa huisie na kopi ya jibu mu mukono aulize mbona yake haijapelekwa, na aandike jibu yake mu kaye na tarehe. Kwenye hakuna namba, mupeleke barua ya pili kwa honorabule mbele ya sesio kufunga, mulombe swali ya kufwata, na muibandike muhuri sawa ya kwanza.