SOMO: Maji ya kijani ya bwawa la sato yapime alfajiri, mchana yanakudanganya

Habari zenu wadau. Somo hili nimelilipia, mwaka juzi nilipoteza sato wa bwawa zima usiku mmoja. Jioni yake maji yalikuwa kijani safi na samaki wanakula, nikaenda kulala na amani, kumbe mawingu yalikuwa yamefunga siku mbili na mimi wiki hiyo nilikuwa nimemwaga samadi ya kuku magunia manne. Saa kumi na moja alfajiri kijana wangu ananigongea mlango, natoka na tochi nakuta samaki midomo juu wanahema, wengine wameshageuka matumbo. Hadi leo ile harufu naikumbuka.

Elewa hiki kwanza. Ule ukijani ni mwani, mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mchana wenye jua unatoa oksijeni mpaka inazidi, usiku wenyewe unavuta oksijeni, samaki wanavuta, tope la chini nalo linavuta, kwa hiyo kabla jua halijatoka ndo inakuwa kidogo kuliko muda wowote. Na mchana mwani unamaliza kaboni dayoksaidi kwenye maji, ndo maana pH (kipimo cha maji kuwa na asidi au magadi) inapanda jioni na kushuka asubuhi.

Hatua ya 1: tengeneza sahani ya kupimia. Kata mfuniko wa ndoo upana sentimita 20, gawa robo nne, paka nyeupe na nyeusi kwa kupishana, funga jiwe chini na kamba katikati yenye fundo kila sentimita 10. Jua likiwa juu, shusha taratibu mpaka isionekane. Ikipotea kwenye sentimita 25 hadi 40 uko vizuri. Ikipotea kabla ya 20 mwani umezidi, acha samadi na punguza chakula siku hiyo hiyo. Ila angalia rangi, kama maji ni ya kahawia hilo ni tope la mvua, siyo mwani.

Hatua ya 2: pima oksijeni na pH mara mbili, saa kumi na moja alfajiri na saa tisa alasiri. Mtu anapima saa nne asubuhi anasema maji yake mazima, hicho siyo kipimo. Alfajiri oksijeni ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita usilishe, ingiza maji mapya au washa pampu irushe maji hewani. Kama mita ya kupimia huna, basi amka uwaangalie samaki kwa macho, kama wako midomo juu wanahema.

Hatua ya 3: chota maji kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache imetulia usiku kucha. Asubuhi ukijani ukiwa umetawanyika au umezama, sawa. Ukipanda wote juu ukaganda kama rangi ya mafuta, shuku sayanobakteria, wale wanaitwa mwani wa kijani-bluu, na baadhi yao wana sumu.

Hatua ya 4, hii wengi wanairuka: piga hesabu ya fosforasi, kirutubisho kinachokuza mwani. Kilo 100 za chakula cha samaki zina fosforasi karibu kilo 1, na samaki hatunzi yote mwilini, sehemu kubwa inabaki majini. Kilo 1 ya fosforasi ikitumika yote inaweza kukuza mwani kama kilo 100 ukiwa mkavu! Nitrojeni, kirutubisho kingine cha mwani, ikiisha, aina fulani za sayanobakteria zinaichukua hewani zenyewe, fosforasi haiji hivyo. Ndo maana nasema pima chakula kwa mizani, usimwage kwa macho.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, pH yangu jioni ni 9, samaki wanazubaa ila oksijeni ipo. Shida nini?
Amonia hiyo kaka, ile inayotoka kwenye uchafu wa samaki na mabaki ya chakula. Kwenye maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7 amonia yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote, pH ikifika 9 inakuwa karibu asilimia 40. Amonia ni ile ile, pH ndo imeigeuza. Usiweke chokaa ya kujengea, itapandisha zaidi. Acha kulisha, badilisha maji kidogo kidogo.

Nikiweka mrututu (kopa salfeti) si mwani unakufa wote?
Utakufa, na hapo ndo balaa. Ukifa kwa pamoja unaoza kwa pamoja na oksijeni inaisha, na kama una sumu inamwagika yote majini.

Sisi tuko vizimba ziwani huku Musoma, samadi hatuweki, mbona maji yanakuwa kama rangi imemwagika?
Ziwa linabeba ya wote: maji taka ya miji, udongo wa mashamba unaoshuka na mito, hata vumbi na majivu ya moto yanayotua na mvua. Mwaka 1927 sahani kama hii ilionekana Ziwa Victoria mpaka zaidi ya mita 7, miaka ya 1990 ilikuwa mita 3 au chini. Upepo unasukuma ukijani kwenye ghuba, na upepo ukigeuka unaweza kuinua maji ya chini yasiyo na oksijeni. Vizimba peleka penye kina na mkondo, usivibananishe kwenye ghuba iliyotulia.

Mimi niko Kisumu, watoto huchota maji ya ziwa. Nikichemsha haitoshi?
Dada yangu, kuchemsha kunaua vijidudu lakini mikrosistini, ile sumu ya mwani, haiondoki, na chembe za mwani zikipasuka sumu inatoka zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 1 kwa lita kwenye maji ya kunywa, na hiyo kwa macho huioni. Siku ukiona utando wa kijani ufukweni tumia ya mvua au kisima, watoto wasioge hapo, na mbuzi pia wazuie wasinywe.