Somo: Namna ya kufungua chupa ya port ya zamani (Graham's Vintage 1994)

Wakuu, habari zenu. Kuna mdau kaniuliza afanyeje na chupa ya Graham's Vintage ya 1994 aliyoletewa zawadi kutoka Ureno. Nikaona jibu niliweke hapa tufaidi wote.

Kwanza ujue una nini mkononi. Port ni mvinyo mtamu unaotoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno. Maji ya zabibu yakiwa hayajamaliza kuchacha, humiminiwa pombe kali ya zabibu yenye nguvu ya 77%. Hamira inakufa, sukari inabaki, na mvinyo unatoka na kilevi karibu 20%. Ile ya Vintage, yaani ya zabibu za mwaka mmoja tu, hukaa kwenye pipa kama miaka 2 tu, halafu hutiwa chupani bila kuchujwa. Inakomalia humo chupani, na mashapo yanabaki humohumo. Shughuli yote ya leo ni hayo mashapo.

Graham's wenyewe, watengenezaji wa port hii, walikuwa wafanyabiashara wa vitambaa kutoka Uskoti. Mwaka 1820 walilipwa deni kwa mapipa 27 ya port, na biashara ikaanzia hapo. Tangu 1970 kampuni hiyo ni ya familia ya Symington, iliyo katika mji wa Porto tangu 1882. Port yao ina sifa ya kuwa tamu kuzidi za wenzao wengi.

Haya, kazini:

1. Isimamishe chupa wima tangu jana yake. Siku mbili ni bora zaidi. Kama imetoka safari ya ndege, ipe kwanza wiki mbili tatu itulie.

2. Kata karatasi ya shingoni, ufute mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye maji.

3. Kizibo ni kirefu, na kwa umri huu kimeshalainika. Zungusha kizibuo hadi karibu na mwisho wake, uvute taratibu na kwa unyoofu. Usiibane chupa katikati ya magoti, utaitikisa.

4. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Weka tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa, maana chupa za port ni nyeusi na bila mwanga huoni kitu. Mimina kwenye jagi safi la kioo, polepole, kwa mkupuo mmoja. Ukisimamisha chupa katikati ili upumzishe mkono, mashapo yote yanaamka. Ukiona uzi mweusi unaingia shingoni, acha hapo hapo. Kitabaki kama nusu glasi. Mimi huwa natia kwenye rosti ya nyama.

5. Kwa joto la Dar, weka jagi kwenye friji nusu saa. Glasi ijae theluthi tu. Barafu hapana. Soda ndiyo kabisa usiniambie.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kizibo kikikatikia ndani?
Usihangaike kukichokonoa. Kisukume kiingie, kisha mimina ukipitishia kwenye chujio au kitambaa safi cha pamba kisicho na harufu ya sabuni.

Ikishafunguliwa inakaa muda gani?
Ya umri huu imalize ndani ya siku mbili tatu, hata ukiiweka kwenye friji. Alika watu.

Yangu imeandikwa Tawny miaka 20, nayo niisimamishe?
Hapana ndugu. Tawny ni port iliyokulia kwenye pipa na mashapo ikayaacha huko. Fungua unywe, na ikikaa kwenye friji itakupa wiki kadhaa.

Nipo Mombasa, naweza kuitunza miaka kumi kabatini?
Joto la pwani litaizeesha vibaya. Inataka giza na nyuzi 12 hadi 15 muda wote, ikiwa imelala. Kama huna pa namna hiyo, inywe mwaka huu.

Inaliwa na nini?
Ulaya wana jibini la Stilton. Nenda na chokoleti nyeusi isiyo na sukari nyingi, au korosho za kukaanga zisizo na chumvi.