Somo: Kutathmini mwanasesere wa Star Trek wa Mego, kipande kwa kipande

Mego, kampuni ya wanasesere ya New York, ilianza kuuza wanasesere wa Star Trek, tamthilia ya televisheni kuhusu wasafiri wa anga, mwaka 1974, miaka mitano baada ya tamthilia yenyewe kukoma kurushwa na kituo cha Marekani cha NBC. Kila mmoja ana urefu wa inchi 8, sentimita 20 hivi. Somo hili lote linasimama juu ya jambo moja: Mego ilitengeneza mwili mmoja wa kiume, kisha ikaubadilishia vichwa na nguo. Mwili wa Kirk, nahodha wa tamthilia, ndio mwili wa Spock, msaidizi wake mwenye masikio ya ncha kali, na ndio wa mashujaa wengine wengi wa kampuni hiyohiyo. Baada ya nusu karne ya kuchezewa, vichwa, buti na mikanda vimehamahama, na mwanasesere anayeonekana mzima huenda ameunganishwa kutoka kwa watatu. Ndiyo maana hukumu ya "halisi" au "si halisi" hatumpi mwanasesere mzima. Tunakipa kila kipande hukumu yake.

Andaa kioo cha kukuzia cha mara 10, rula ya milimita, taa ndogo, vijiti vya pamba, kitambaa cheupe cha kutandika mezani, na daftari. Nawa mikono na uikaushe vizuri. Mafuta ya vidole hushika kwenye vinili, plastiki laini ya vichwa, na kuvuta vumbi.

Hatua ya 1: Mtambue

Kundi la 1974 lilikuwa Kirk, Spock, McCoy, Scotty, Uhura na Klingon. Mwaka 1975 wakaja Neptunian, Keeper, Gorn na Cheron, na 1976 Romulan, Talosian, Andorian na Mugato. Hapa wageni hujikwaa mara nyingi. Gorn wa Mego huvaa mavazi yaleyale ya Klingon. Alitoka kiwandani hivyo, kwa hiyo usiandike kwamba kavalishwa nguo za mwingine. Cheron, katika tamthilia, ni jina la sayari wala si la mtu. Neptunian naye hakuonekana kamwe kwenye televisheni. Anayepima mwanasesere kwa kumlinganisha na picha za tamthilia ataikosoa Mego, si kipande kilicho mezani.

Hatua ya 2: Mwili

Tenga muda mwingi zaidi hapa. Soma maandishi yaliyochongwa mgongoni, ukimulika taa kwa pembeni ili herufi zitoe kivuli. Kisha tazama pini za magoti na viwiko. Miili ya awali ya Mego ilikuwa na pini za chuma. Iliyofuata ina pini za plastiki, na hiyo ndiyo utakayokutana nayo zaidi kwa Star Trek. Ukikuta pini za chuma upande mmoja na za plastiki upande mwingine, kiungo kimebadilishwa.

Ndani ya kiwiliwili kuna lastiki inayovuta viungo vikae pamoja. Lastiki huzeeka hata mwanasesere asipoguswa, kwa sababu hewa huikausha. Inua mkono ulalo, uachie: ukianguka papo hapo, lastiki imelegea. Angalia nyonga; mwanya unaopita milimita 2 ni dalili hiyohiyo. Msimamishe bila kumshika kwa dakika moja, uone kama anasimama imara. Usizungushe mguu kwa nguvu kumjaribu, kwani lastiki iliyokauka hukatika kwa mzunguko mmoja, na utakuwa umeharibu kitu ulichokuja kukipima.

Malizia na vifundo vya mikono na miguu. Nyufa nyembamba kama unywele huanzia kwenye tundu la pini na hazionekani bila kioo.

Hatua ya 3: Kichwa

Nyuma ya shingo tafuta mwaka wa hakimiliki na jina la Paramount, studio iliyomiliki tamthilia. Kwa Spock, kagua ncha za masikio. Rangi ya nyusi, macho na midomo hulika kwanza, na rangi iliyorudishiwa hujulikana kwa kung'aa tofauti au kuvuka mpaka wa mchongo. Kichwa ni vinili laini na kiwiliwili ni plastiki ngumu, hivyo huchujuka kwa mwendo tofauti. Tofauti ndogo ya rangi kati ya uso na viganja si ushahidi wa kubadilishwa.

Usikitoe kichwa kikiwa baridi. Vinili baridi hupasuka shingoni.

Hatua ya 4: Nguo na vifaa

Rangi ya asili ya shati imejificha chini ya mkanda na ndani ya pindo. Linganisha hapo na mabegani, kisha andika kiasi ilivyochujuka. Ikiwa vifungo ni vya chuma, tafuta kutu na doa la kahawia kwenye kitambaa kilichovizunguka.

Orodha ya vifaa si moja kwa wote. Kirk, Scotty na Klingon wana mkanda, bastola ya miale na kifaa cha mawasiliano. Spock ana hivyo vyote pamoja na trikoda, kifaa cha kupimia cha kwenye tamthilia. McCoy na Uhura wana trikoda peke yake, kwa hiyo McCoy asiye na mkanda hajapungukiwa na kitu. Vifaa hivi ndivyo vinavyoigwa zaidi. Kagua ukali wa mchongo: kifaa kilichomiminwa kutoka kwenye kalibu ya kunakili huwa na kingo za mviringo, vishimo vya mapovu ya hewa, na mara nyingi huwa kidogo kuliko cha asili kwa sababu malighafi husinyaa inapoganda.

Hatua ya 5: Kadi, kama ipo

Kadi ni karatasi ngumu ambayo mwanasesere aliuzwa akiwa juu yake. Za mwanzo zina picha za nyuso tano za wahusika, za baadaye sita. Pitisha taa ukingoni mwa kifuniko cha plastiki angavu. Gundi inayong'aa au nyuzi za karatasi zilizochanika chini yake zinaonyesha kimefunguliwa kikarudishwa.

Hatua ya 6: Kuandika

Toa alama ya mwili, kichwa, nguo, vifaa na kadi kila kimoja peke yake. Usitoe wastani. Wastani huficha kichwa kizuri juu ya mwili uliopasuka. Piga picha mbele, nyuma, pande mbili, maandishi ya mgongoni na kila kasoro, rula ikiwa kando, kwa mwanga wa dirishani bila flashi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kichwa cha Klingon wangu kinanata na kung'aa kama kimepakwa mafuta. Ni rangi mpya?

Jibu: Hapana, ni kilainishi kinachotoka ndani ya vinili. Futa kwa maji vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kausha, kisha hifadhi penye ubaridi na hewa, bila kumfunga kwenye mfuko wa plastiki. Asetoni usiiguse kabisa. Itayeyusha rangi na kiwiliwili.

Swali: Nimesikia kwamba bastola halisi huelea majini. Niitumbukize?

Jibu: Usiitumbukize. Jaribio hilo limetoka kwa wakusanyaji wa silaha za wanasesere wa Star Wars wa kampuni ya Kenner, na hata huko nakala nyingine huelea. Maji hupima msongamano wa plastiki tu: polithini huelea, vinili huzama. Hayakuambii mwaka.

Swali: Lastiki imekatika. Niibadilishe kabla ya kuandika tathmini?

Jibu: Andika kwanza ulivyomkuta, piga picha, ndipo utengeneze. Lastiki mpya haimwondolei heshima mwanasesere, mradi itajwe. Isiyotajwa ndiyo huleta ugomvi.

Swali: Buti hazitoki, nami nataka kuona nyayo.

Jibu: Ziloweshe pamoja na mguu kwenye maji ya moto ya kawaida ya bombani kwa dakika mbili au tatu, kisha vuta kisigino kwanza, si ncha. Suruali iwe imekunjwa juu isilowe. Ukikuta doa jeusi kwenye unyayo, ni rangi ya buti iliyohamia ndani ya plastiki, sabuni haiitoi. Iandike chini ya mwili, wala usiisugue kwa msasa.