Rangi za maji: pesa ya kwanza iende kwenye karatasi
Ndugu unayeanza kuchora kwa rangi za maji hapa Mombasa, usikimbilie boksi la rangi nyingi. Nyekundu, manjano na buluu zinatosha. Pesa iliyobaki nunua karatasi nzuri. Ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, ikilowa tu inajikunja. Tafuta ya gramu 300.

Kabla hujaanza kuchora picha yenyewe, tuseme mlango wa Mji wa Kale, jaribu kila rangi kwenye kipande cha karatasi hiyohiyo, nzito kisha nyepesi, na ungoje ikauke kabisa, maana ikikauka hupauka. Masika hukauka polepole mno, subiri tu. Karatasi zako zihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, zisiote kuvu.